Mbayuwayu Wawili kwenye Waya Mmoja



Kuanzia Septemba, mvua za kwanza zinapokwisha kulainisha vumbi la kiangazi, nyaya za umeme katika miji yetu ya Kivu hupata wageni. Asubuhi tunawakuta wamejipanga kama shanga, migongo yao ya buluu ikimeta, nyuso zao zimeelekea upepo unakotoka. Mtoto akiuliza ni ndege gani, wote tunamjibu neno moja: mbayuwayu. Aliyesoma Kifaransa atasema hirondelle. Jibu hilo ni sahihi, nalo linamtosha mpita njia. Lakini sisi tunaotaka kujifunza kutazama, na kesho kuwafundisha wadogo zetu, tunadaiwa zaidi kidogo. Waya mmoja waweza kuwabeba pamoja mgeni aliyezaliwa katika zizi la ng'ombe huko Ulaya na mwenyeji aliyezaliwa chini ya paa la shule yetu. Wanafanana mno, na kuwatofautisha kuna faida kuliko tunavyodhani.

Tuanze na mgeni. Wataalamu humwita Hirundo rustica, nasi tutamwita mbayuwayu wa Ulaya, ingawa huzaliana pia Asia na Amerika ya Kaskazini. Baridi ya kwao inapokaribia na wadudu kupungua hewani, wale wa Ulaya hushuka kuja Afrika, kusini ya Sahara. Uzito wake ni kama gramu 20 tu. Safari hiyo ilithibitishwa kwa pete ndogo ya madini. Mwezi wa Mei 1911, katika jimbo la Staffordshire huko Uingereza, mbayuwayu mmoja alivishwa pete yenye namba mguuni. Mwezi wa Desemba 1912 ndege huyo huyo alipatikana Natal, Afrika ya Kusini. Tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba mbayuwayu hujificha matopeni wakati wa baridi, kama walivyoamini watu wengi wa Ulaya karne zilizopita.

Mwenyeji ni Hirundo angolensis, yaani mbayuwayu wa Angola. Jina lake lisitudanganye: yeye ni mwenyeji wa Kivu, Rwanda, Burundi na Uganda kama alivyo mwenyeji wa Angola. Hujenga kiota cha udongo, chenye umbo la nusu kikombe, chini ya mapaa na madaraja, na hapa hapa hutaga mayai na kulea makinda. Mgeni wa Ulaya hafanyi hivyo kwetu. Anakuja kula, kupumzika na kubadili manyoya, kisha mnamo Machi na Aprili anarudi kwao kujenga.

Tuwaweke sasa wote wawili mbele yetu. Kila mmoja ana mgongo wa buluu nyeusi inayong'aa, na kila mmoja ana rangi ya kutu kwenye paji la uso na kooni. Tofauti huanzia chini ya koo. Kwa mgeni, rangi ya kutu inakomea kooni, halafu unafuata mkanda mpana wa buluu nyeusi unaovuka kifua chote bila kukatika. Chini ya mkanda huo tumbo ni jeupe, au jeupe lenye umanjano hafifu. Kwa mwenyeji, rangi ya kutu inashuka mpaka sehemu ya juu ya kifua. Mkanda wake ni mwembamba, mara nyingi umekatika katikati. Na tumbo lake ni la kijivu kama majivu ya mkaa. Mgeni aliyekomaa ana nyuzi mbili ndefu pembeni mwa mkia. Mwenyeji naye anazo, lakini ni fupi.

Hapa wengi huchagua njia rahisi: wanatazama mkia peke yake. Mkia mrefu, mgeni. Mkia mfupi, mwenyeji. Kanuni hiyo ingetufaa kama ndege wasingebadili manyoya. Mbayuwayu wa Ulaya hubadili manyoya ya mabawa na mkia akiwa huku Afrika. Mnamo Novemba, Desemba na Januari wengi wao hawana nyuzi ndefu, kwa sababu za zamani zimeanguka na mpya zinaota. Isitoshe, aliyezaliwa mwaka uleule anafika kwetu akiwa na mkia mfupi, koo lililofifia, na mkanda wenye rangi ya kahawia. Kwa hiyo, katika miezi ileile ambayo wageni ni wengi, ndipo mkia wao unapodanganya zaidi. Ishara moja haitoshi. Tuulize tatu, moja baada ya nyingine: rangi ya kutu inakomea wapi? Mkanda ni mpana na mzima, au mwembamba uliokatika? Tumbo ni jeupe au ni la majivu? Mkia uwe shahidi wa nne, asiyesikilizwa peke yake.

Tena si kila ndege wa mabawa membamba arukaye juu ya paa ni mbayuwayu. Yuko teleka, mwenye mabawa yaliyopinda kama mundu. Kwa macho anafanana na mbayuwayu, lakini ukoo wake ni mwingine kabisa. Tukimwona ndege ametua juu ya waya, tunajua papo hapo kwamba si teleka, kwani miguu yake imeumbwa kwa kung'ang'ania ukuta, wala hawezi kukaa wayani. Teleka mdogo, anayejenga kwa makundi chini ya mapaa ya majumba yetu, ana doa jeupe juu ya mkia na koo jeupe, lakini tumbo lake ni jeusi. Yuko mgeni mwingine kutoka Ulaya, Delichon urbicum, mwenye doa jeupe kama hilo, lakini yeye ni mweupe chini kote. Na yuko mwenyeji mwenye kichwa cha rangi ya kutu na kifua cheupe chenye mistari myeusi. Huyu kiota chake hakifanani na kikombe: ni chungu kilichozibwa, chenye mlango mrefu kama shingo ya chupa.

Kwa kuwa jicho linasahau upesi, picha inatusaidia. Lakini mbayuwayu ni mwanafunzi asiyetulia. Akiruka kwa kasi ya kawaida huenda karibu mita 10 kwa sekunde. Tufanye hesabu pamoja. Kamera ikifungua jicho lake kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, ndege amekwisha kusogea sentimita 10, yaani zaidi ya nusu ya urefu wake, na tutapata moshi badala ya ndege. Ikifungua kwa sehemu moja ya elfu mbili, amesogea nusu sentimita tu. Hapo mkanda wa kifua unaweza kusomeka. Kwa hiyo anayepiga picha za ndege arukaye achague muda mfupi kadiri mwanga unavyoruhusu, apige nyingi mfululizo, wala asisikitike kufuta nyingi zaidi.

Wengi wetu hatuna kamera kubwa. Simu inatosha ikiwa tutamngoja ndege atue. Mbayuwayu ana tabia ya kurudi mahali palepale: waya uleule, tawi lilelile kavu, ukingo uleule wa bati. Tukae chini tukiwa na jua mgongoni, tusubiri. Mwenye darubini aweke lenzi ya simu kwenye kioo cha kutazamia, ashike kwa utulivu; ndege wa mbali atasogea karibu. Tupige picha ya kifua kwanza, kwa sababu ndiko majibu yaliko, kisha ubavu, kisha mkia. Picha ya mgongo peke yake ni nzuri kwa ukuta wa sebule, lakini haisaidii kumtaja ndege.

Tujihadhari na mwanga. Jua la saa kumi na moja jioni hupaka tumbo jeupe rangi ya chungwa. Udongo wetu mwekundu nao huakisi wekundu wake juu ya kila kilicho chini ya paa. Ndege akiwa mbele ya mbingu nyeupe, kamera humfanya mweusi kote, na tumbo jeupe likaonekana la majivu. Dawa yake ni kuwa na kitu cheupe tunachokijua ndani ya picha, kwa mfano ukuta uliopakwa chokaa. Ikiwa chokaa chenyewe kimekuwa cha chungwa, tumbo la ndege nalo tusiliamini.

Kuna adabu mbili pia. Ya kwanza ni kwa ndege. Tusimulike kiota kwa taa ya kamera, tusipande ngazi kuhesabu mayai, na tukiona mzazi ana wadudu mdomoni naye anazunguka bila kuingia, tujue tumekaribia mno, turudi nyuma. Ya pili ni kwa watu. Katika nchi yetu kamera iliyoinuliwa karibu na daraja, kiwanja cha ndege au kituo cha askari inaweza kumletea kijana taabu kubwa. Tuombe ruhusa ya wenye mahali, twende tukiwa kundi pamoja na mtu mzima anayejulikana, na tuache waya wa karibu na kambi upite bila kupigwa picha.

Sasa mtu atauliza: yote haya ya nini? Mbayuwayu si mbayuwayu tu? Tuwasimulie jambo lililotokea katika parokia moja ya kwetu. Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba. Waamini walikuwa wamechanga fedha za rangi ili kanisa lipendeze kwa Noeli, na mafundi walikuwa wameagizwa. Chini ya paa la baraza palikuwa na viota saba vya udongo, na ukuta ulikuwa umechafuka. Akina mama wanaofagia kila Jumamosi walikuwa na lalamiko la haki: wao ndio waliosugua kinyesi kile mwaka mzima. Ikaamuliwa viota vikwanguliwe. Mzee mmoja akakumbusha Zaburi ya 84, ambamo mbayuwayu anapata mahali pa kuweka makinda yake karibu na altare. Papa mwingine, mwalimu mstaafu, mtu wa kuheshimiwa, akajibu kwamba hakuna makinda: hao ni ndege wa Ulaya, tunawaona kila siku kwenye waya mbele ya kanisa, hawatagi kwetu, na viota ni maganda matupu ya zamani.

Zaburi ilitufundisha kumheshimu ndege, lakini haikutuambia kama ndani ya viota vile saba mlikuwa na kitu. Padri paroko akawapa vijana siku tatu. Walikuja na simu mbili na kamera moja ya kuazima. Picha nyingi zilikuwa ukungu mtupu, tisa zilisomeka. Tulizitazama pamoja, tukiuliza maswali yale matatu. Waliokuwa wayani mbele ya kanisa walikuwa na mkanda mpana, tumbo jeupe, na mikia isiyo na nyuzi. Papa mwalimu alikuwa na haki: walikuwa wageni. Lakini waliokuwa wakiingia chini ya paa walikuwa na kutu iliyoshuka kifuani, mkanda uliokatika na tumbo la majivu, na wawili kati yao walionekana na wadudu mdomoni. Hao walikuwa wenyeji. Viota vinne kati ya saba vilikuwa na makinda.

Makinda ya mbayuwayu hukaa kiotani majuma matatu hivi kabla ya kuruka. Padri akaamua viota vitatu vitupu vikwanguliwe, na vinne viachwe. Seremala mmoja akapigilia ubao chini ya kila kiota, kiasi cha mkono mmoja, ili kinyesi kiishie hapo badala ya sakafuni. Akina mama waliona kwamba kilio chao kimesikika. Ukuta ule mmoja ulibaki na rangi ya zamani siku ya Noeli, na wako walionung'unika kwamba picha za ubatizo zimeharibika. Ukapakwa rangi Januari, makinda yalipokwisha kuondoka. Tazameni basi: ubishi wote ule ulitegemea upana wa mkanda usiozidi kidole. Kama jina la kwanza lingekubaliwa bila kuchunguzwa, makinda yangekwanguliwa pamoja na udongo, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angekusudia ubaya.

Jina lililobandikwa upesi laweza pia kumficha kiumbe kwa miaka mingi. Mwaka 1913, huko Ituri, Mmarekani James Chapin, aliyekuwa akichunguza ndege wa Kongo, alipata unyoya mmoja katika kofia ya mwenyeji, akashindwa kujua ni wa ndege gani. Akautunza. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji, aliwakuta ndege wawili waliokaushwa wenye unyoya kama ule. Walikuwa wamewekwa pembeni kwa sababu kibandiko chao kilisema ni tausi wachanga wa India. Kumbe alikuwa tausi wa Kongo, anayeishi katika misitu yetu peke yake. Wawindaji wa msituni walikuwa wakimfahamu zamani zote hizo. Kibandiko ndicho kilichowafumba macho wasomi.

Na leo hii, vijana wanaoishi kando ya mto Kongo wanaye jirani wa namna hiyo. Kwenye kingo za mchanga, maji yanapopungua, huchimba mashimo yake mbayuwayu mdogo wa kahawia aitwaye Riparia congica. Anafanana sana na mgeni mwingine wa Ulaya, Riparia riparia: wote ni kahawia juu na weupe chini. Lakini mgeni ana mkanda wa kifua ulio wazi kama umechorwa kwa kalamu, na huyu wa mto mkanda wake umefifia na kutawanyika. Anaishi kando ya mto Kongo na sehemu za chini za mito inayouingia, basi. Anayesema "ni wale wale" amempita ndege ambaye watu husafiri kutoka mabara mengine kuja kumwona.

Kuna jambo moja ambalo hatuwezi kuliacha, kwa kuwa tunaandika katika nchi yetu na kwa ajili yenu. Ustadi huu wa kutazama kifua na mkia, kisha kutoa jina, usihamishiwe kwa binadamu. Mmekulia mahali ambapo watu wamesimamishwa barabarani, wakatazamwa pua, kimo na lafudhi, kisha wakapewa jina lililoamua kama watapita au hawatapita. Mbayuwayu hawa wawili ni spishi mbili kweli. Sisi watu ni spishi moja. Tena ndege hatuwezi kumwuliza jina lake, ndiyo maana tunahesabu manyoya yake. Mtu tunaweza kumwuliza, na kumwamini anapojibu. Kitu kimoja tu kinachofaa kuhama kutoka kwa ndege kwenda kwa jirani, nacho ni kukawia: kuuzuia ulimi usitoe jina mpaka macho yamekwisha kufanya kazi yake.

Tunapendekeza kila kikundi kiwe na daftari moja. Kila picha iandikiwe tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, na ndege alikuwa akifanya nini. Mbele ya jina ziandikwe ishara zilizoonekana. Na zisipotosha, iandikwe "mbayuwayu" tu, bila aibu. Daftari lenye majina machache ya hakika linafaa kuliko lililojaa makisio.

Na anayetaka kuanza vizuri asianze Desemba, nyaya zikiwa zimejaa wa kila namna. Aanze Juni au Julai, wageni wakiwa kwao wanalea makinda yao. Mbayuwayu mwenye kutu kifuani na tumbo la majivu atakayebaki chini ya mapaa yetu ni mwenyeji. Amtazame miezi hiyo miwili mpaka amjue kama anavyowajua wadogo zake: anavyokaa, anavyolia, mkanda wake unakatikia wapi. Septemba ikifika, yule atakayetua pembeni mwake na tumbo jeupe atajulikana kuwa mgeni kabla hata simu haijatoka mfukoni.